Marufuku Kukaa

Bango lililetwa Jumatatu asubuhi na watu wawili waliokuwa na haraka zao. Walichimba shimo kando ya lango la bustani, wakasimamisha nguzo, wakamwaga zege, wakaondoka bila hata kunawa mikono. Fundi aliyeliandika alikuwa na mkono mzuri, herufi nyeupe juu ya bati la bluu, zimenyooka kama wanafunzi mstarini: MARUFUKU KUKAA HAPA. Chini yake, kwa herufi ndogo: KWA AMRI. Amri ya nani, bati halikutosha.

Mzee Mpira alilisoma akiwa ameshika mpira wake wa maji. Huo ndio uliompa jina, mpira wa kumwagilia, mita arobaini, wenye viraka saba, ingawa kila mgeni wa bustani hudhani mzee aliwahi kusakata kandanda enzi zake. Wengine humuuliza alicheza namba ngapi. Zamani alikuwa anawaeleza; siku hizi hujibu "namba tisa" na kuendelea kumwagilia. Ndivyo alivyo. Akiona ukweli utakuwa mrefu, huchukua uongo mfupi. Uongo wa namba tisa haujawahi kumdhuru mtu. Ule mwingine nitausema muda si mrefu.

Alilisoma bango mara ya kwanza akaelewa. Akalisoma mara ya pili akaelewa jambo jingine. Mara ya tatu hakuelewa kitu, na maji yalikuwa yanamlowesha kiatu.

Bustani yenyewe ni ukanda mwembamba kati ya mto na barabara kuu. Ukitembea bila kuharakisha unaimaliza kwa dakika kumi na mbili. Ina mabenchi kumi na saba, bomba moja la maji ya kunywa, na miti thelathini na miwili ukihesabu na ule uliokufa, ambao ofisi ya jiji haijatoa kibali uangushwe. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali, ofisi za bima, chuo cha uhasibu na kituo kikuu cha mabasi, kwa hiyo watu hawakuwahi kukosekana. Asubuhi walikaa wale waliowahi kabla ya saa ya kuona wagonjwa, vikapu vya chakula miguuni. Saa saba mchana makarani wa bima walikuja kula, wakavua viatu, wakawasengenya wakubwa wao. Wanafunzi walikuja kusoma wakaishia kusinzia na kitabu kifuani. Alasiri wastaafu walicheza drafti kwa vifuniko vya soda, wakitukanana kwa heshima zote. Jioni ilikuwa ya wapenzi. Jiji zima limejibana kwenye vyumba vidogo, na pale ndipo sebule yake ilipokuwa. Mtu akiwa na neno zito la kumwambia mwenziwe, neno lisilofaa kusemwa karibu na ukuta wa jirani, humwambia tu, "Tukutane mtoni."

Siku hiyo watu walifika langoni, wakasoma, wakabaki wamesimama.

"Kukaa maana yake kuketi," alisema mstaafu mmoja aliyekuwa mwalimu, ubao wa drafti kwapani. "Wamekataza tusiketi."

"Basi si wangeandika kuketi?" alisema karani mnene wa bima. "Kukaa ni kuishi. Nikikuuliza unakaa wapi, utanijibu kwenye kiti?"

"Na nikikwambia karibu, kaa, nimekupa nyumba?"

Watu wakacheka. Penye wengi pana mengi. Mmoja akasema kukaa hapo ni kuchelewa, yaani watu wasipitishe jioni, mwingine akasema ni hapo hapo langoni tu, wasizibe njia. Mama Chai, mwenye meza yake ya birika na vikombe pembeni mwa lango, akawaacha wabishane mpaka wakapungukiwa pumzi.

"Mnajisumbua bure," akasema, huku akimimina. "Hiyo ni ya wale wa chini ya daraja, wenye maboksi yao. Jiji halitaki mtu akae humu. Alale, apike, aanike nguo. Nyie wa makalio nani ana shida na nyie?"

Mzee Mpira alifunga maji. Alishukuru kwamba watu walikuwa wanamtazama Mama Chai, wala si yeye. Kwa sababu katika watu wote waliowahi kukanyaga bustani ile, aliyekuwa anakaa humo, akalala, akapika na kuanika nguo, alikuwa yeye.

Miaka ishirini na miwili nyuma hapakuwa na bustani. Palikuwa na vichaka na nyumba ya pampu iliyovuta maji ya mto kuyapeleka kwenye matangi ya mji. Yeye alikuwa mhudumu wa pampu. Aliiwasha alfajiri, akaipaka grisi, akaandika presha yake kwenye daftari. Mkewe alipofariki na chumba cha kupanga kikamshinda, alimpeleka binti yao wa miaka tisa kwa dada yake, kisha akamwendea msimamizi kumweleza kwamba hana pa kulala. Msimamizi alikuwa mtu mwema asiyependa karatasi. Alimwambia, "Kaa hapa kwanza."

Maneno matatu, na hayo ndiyo hati yake ya nyumba. Pampu ikaharibika, ikauzwa chuma chakavu. Vichaka vikafyekwa, nyasi zikapandwa, mhudumu wa pampu akageuzwa mtunza bustani kwa barua ya mistari miwili. Msimamizi akastaafu, akafariki. Hakuna aliyekuja kusema sasa toka, na ile "kwanza" ikawa ndiyo maisha.

Chumba kina hatua nne kwa tatu. Lile jukwaa la zege lililobeba pampu limebaki katikati, kimo cha goti, na ndiyo meza yake. Boliti nne bado zimechomoza juu yake. Moja humshikilia sufuria isiteleze, na tatu zimemkwangua magoti kila mwaka tangu ahamie. Kitanda kiko ukutani, koti la mvua limetundikwa kwenye bomba lisilokwenda popote. Harufu ya grisi haijatoka na haitatoka. Mlangoni, kwa nje, pameandikwa HATARI: UMEME MKUBWA. Umeme huo ulikatwa zamani, lakini maandishi hayo ndiyo askari wake. Watu wote wa bustani wanajua kwamba mle ndani Mzee Mpira huweka reki na mafyekeo. Jioni wanapotawanyika, yeye huzunguka na ufunguo wa lango, na hakuna aliyewahi kujiuliza anafunga akiwa upande gani.

Sasa ule uongo. Binti yake alipofika miaka kumi na mmoja alimwambia, "Baba, nataka kuja kukaa kwako." Ungemjibu nini mtoto? Kwamba baba yako analala na mashine? Mzee Mpira alimjibu kuwa amepanga chumba ng'ambo ya daraja, lakini mwenye nyumba ni mkali, hataki watoto. Simtetei, nasema ilivyokuwa. Siku ile lilikuwa jibu la kupitisha alasiri tu. Lakini mtoto huuliza, na kila swali lilimpa mwenye nyumba kiungo kipya. Akaota sharubu. Akapata mguu mbovu, kisha mbwa, kisha mke aliyemkimbia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mzee Mpira ilitembea miaka ishirini, na mtoto aliyeulizia sasa alikuwa fundi cherehani anayeshona sare za shule, mwanamke mzima mwenye mume, na bado alikuwa hajawahi kuona mlango wa baba yake.

Walikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, benchi la tatu kutoka langoni. Hapo ndipo baba alipompokea mgeni wake. Binti alileta chakula na habari, akaondoka saa kumi na moja, na kila mara alisema, "Msalimie mwenye nyumba wako." Miaka fulani alikuwa akimpelekea hata kilo ya sukari, ili alegee.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini bango lile lilimvuruga mzee. Kama kukaa ni kuishi, ataondolewa, na akiondolewa binti yake atajua alikuwa anakaa wapi, na tangu lini. Kama kukaa ni kuketi, basi kinachopotea ni mabenchi, na mabenchi hayakuwa yake. Usiku ule aliomba dua ya ajabu ambayo sijasikia mtu mwingine akiiomba. Aliomba neno liwe na maana moja.

Jumanne alivaa shati lake la ofisini akaenda kwa Afisa wa Bustani.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye simu mbili mezani na mafaili hadi juu ya viti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na bustani tisa, makaburi mawili na gari moja.

"Karibu, mzee. Kaa."

Mzee Mpira alikitazama kiti. Kilikuwa na mafaili, lakini si hayo yaliyomzuia. Neno lenyewe lilikuwa limeanza kumtia woga.

"Nashukuru, mama, nasimama tu. Nimekuja kuhusu bango."

"Limefika? Vizuri."

"Limefika. Nilitaka kujua, lile kukaa. Ni kukaa, au ni kukaa?"

La kwanza alilisema akikunja magoti kidogo, kama anayeketi. La pili alitaka kuweka kiganja shavuni, kama anayelala, akajishuku, mkono ukaishia hewani.

Afisa alimwangalia. "Kukaa, mzee. Kukaa ni kukaa."

"Ndiyo, mama. Ila watu wanauliza."

"Nani anauliza?" Akachukua kalamu.

"Hakuna," alisema Mzee Mpira upesi.

Simu moja ikalia, afisa akaiweka sikioni, akaziba sehemu ya kusemea kwa mkono. "Agizo limetoka juu, na neno lilikuwa hilo hilo. Jumamosi alasiri tuna ukaguzi. Wewe simamia tu."

"Nisimamie?"

"Simamia, mzee wangu."

Alishuka ngazi ghorofa tatu akilirudia neno. Simamia. Kufika chini alikuwa ameshalipasua. Si lina simama ndani yake? Hata mtoto wa darasa la pili angeliona. Afisa hakusema fukuza, hakusema hamisha, amesema simamia. Na watu utawasimamiaje wakiwa wameketi? Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu wetu maana alizijua, zote mbili, na alichotoka nacho ofisini ni kisingizio tu. Lakini alikitembelea njia nzima kwa furaha.

Jumatano alivaa filimbi shingoni. Benchi hadi benchi, aliwainua. Aliinua makarani na bakuli zao mikononi, wakala wamesimama, wakimwagia tai mchuzi. Wastaafu wakauweka ubao wa drafti juu ya pipa la taka wakacheza kwa zamu, anayesubiri akiegemea mti. Mwanafunzi mmoja mwenye mdomo alichuchumaa chini ya mwembe wa kivuli akafungua kitabu.

"Umekaa," alisema Mzee Mpira.

"Nimechuchumaa, mzee. Kuchuchumaa si kukaa."

Mzee Mpira aliondoka akalifikiria hilo huku anafagia. Makalio hayakugusa kitu, hilo kweli. Lakini mtu mwenyewe alikuwa ametulia kabisa. Jumatano akaruhusu kuchuchumaa, Alhamisi akakataza. Kuegemea mti akaruhusu, kuegemea benchi akakataza. Watu walimuuliza kanuni hizo zimeandikwa wapi, naye akaonyesha bango, ambalo halikusema lolote kati ya hayo, na alipolionyesha alikwepa kulisoma.

Alhamisi hiyo hiyo, asubuhi, alimkuta mwanamume mmoja ameketi benchi la mwisho, chupa ya uji mapajani. Alipiga filimbi. Mtu hakuinuka.

"Mzee, mke wangu yuko chumba cha upasuaji tangu saa mbili," alisema. "Wamenitoa nje. Miguu haina nguvu. Nikae kidogo tu."

Mzee Mpira aligeuza uso kuelekea kwenye mlango wa pampu, mita ishirini kutoka pale. Akimwachia huyu, keshokutwa wakaguzi watauliza kwa nini huyu anakaa, na watu wakianza kuuliza nani anakaa na nani hakai, swali litatambaa mpaka pale mlangoni.

"Bango," alisema.

Yule bwana aliinuka. Hakugomba. Alivuka barabara na chupa yake, akaenda kuketi ukingoni mwa mtaro, kwenye moshi wa mabasi. Mzee Mpira aliona aibu iliyomfanya masikio yawe ya moto, akafungua maji akamwagilia sehemu ambayo alishaimwagilia. Na yeye, siku za ugonjwa wa mkewe, aliwahi kutolewa nje ya hospitali ile ile, na alikuwa na mahali pa kukaa.

Kufika Ijumaa bustani ilikuwa tupu. Nyasi zilisimama vizuri, hakuna karatasi, hakuna ganda la karanga, na kunguru ndio waliokuwa wamepanga mstari juu ya mabenchi, kwa kuwa filimbi walishaizoea. Alifagia njia nzima kwa nusu ya muda wake wa kawaida, halafu hakujua afanye nini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anasubiri watu waondoke apate utulivu. Sasa utulivu ulikuja saa nne asubuhi, akauona mkubwa mno. Jioni aliingia chumbani, akavua viatu, akataka kujitupa kitandani, akajikuta ameshika mbao ya kitanda hajui kama inaruhusiwa. Alijicheka, lakini alikula amesimama.

Mama Chai alikuwa amehamishia birika lake kituo cha mabasi. Alirudi mara moja tu, kuchukua meza.

"Mzee Mpira," alimwambia, "hebu nieleze. Wewe hujui kusoma, au unajua sana?"

Alimsaidia kubeba meza mpaka barabarani.

Jumamosi saa tisa binti yake alifika. Alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba ya kwanza baada ya kuingoja miaka sita, na alitembea mkono mmoja kiunoni, mwingine na kikapu. Bango hakulitazama. Alikwenda moja kwa moja benchi la tatu, akafukuza kunguru, akaketi na kushusha pumzi.

"Mbona leo pamekauka hivi? Watu wamekwenda wapi?"

"Simama kidogo, mwanangu," alisema Mzee Mpira. Sauti yake mwenyewe haikumpendeza.

"Kuna nini? Rangi mbichi?"

"Bango."

Binti alijigeuza akalisoma. Alilisoma kwa muda. "Baba, jiji limenunua mabenchi, halafu limekataza watu wasiyakalie?"

"Ni amri. Na leo kuna ukaguzi. Simama tu mpaka wapite."

Alisimama, kwa sababu alilelewa kutii, akishika mgongo wa benchi. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu vimeacha alama. Mzee aliziona alama hizo. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya bustani alikuwa ameimwagilia sana wiki ile, ilikuwa laini tu.

"Basi twende kwako," alisema binti.

"Kwangu?"

"Ni kuvuka daraja tu, si ndivyo ulivyoniambia? Siwezi kusimama, baba. Nitanyoosha miguu nusu saa niondoke."

"Unajua mwenye nyumba alivyo."

"Nitamsalimia mwenyewe. Na tumbo hili? Hata mbwa wake atanionea huruma." Akachukua kikapu chake akaanza kutembea polepole kuelekea langoni, upande wa daraja.

Mzee Mpira hakumfuata. Mbele yao palikuwa na daraja, na ng'ambo ya daraja palikuwa na mtaa mzima wa nyumba, na katika nyumba zote hizo hapakuwa na mlango hata mmoja ambao angeweza kuugonga. Akatafuta uongo mfupi wa kumrudisha: labda mwenye nyumba amesafiri, labda kitasa kimevunjika, labda ana wagonjwa ndani. Visingizio vyote vilikuja kwa pamoja, hakuna kilichokubali kutangulia.

Ndipo Afisa wa Bustani alipoingia langoni na watu wawili wa ofisi, mmoja ameshika ubao wa kuandikia. Walimpita binti, wakamsalimia, wakasimama wakiangaza.

"Mzee," alisema afisa, "mbona bustani imekufa?"

"Nimesimamia, mama."

"Umesimamia nini?"

"Watu. Walisimama. Halafu wakaondoka."

Wale wawili wakatazamana. Afisa alivua miwani akajipangusa macho taratibu, akaivaa tena. "Mzee wangu, mabenchi ni ya nini? Si ya kukalia? Bango ni la watu wanaokaa humu. Wanaohamia, wanaofanya makazi. Ndiyo hao tumekuja kuwakagua leo." Akamwashiria mwenye ubao, naye akatayarisha kalamu. "Haya, tuambie, ili tuandike. Kuna mtu yeyote anayekaa humu ndani?"

Binti alikuwa amerudi hatua kadhaa, akimsubiri baba yake. Alisimama karibu na afisa, kikapu kimemning'inia, mkono kiunoni.

Neno "hakuna" lilikuwa mdomoni tayari. Jumanne lilimtoka bila jasho. Lakini akisema hakuna, afisa atageuka aende zake, na binti atasema haya twende, na daraja liko pale pale. Mzee Mpira alichoka ghafla. Uongo wa miaka ishirini ulimlemea mabegani wote siku hiyo hiyo, na sharubu zake na mbwa wake.

"Mimi," alisema. "Mimi nakaa hapa."

Afisa alimwangalia: mzee anayetoka jasho, filimbi shingoni, ameng'ang'ania benchi asianguke.

"Kaa, mzee," alisema kwa huruma. "Kaa, nani amekukataza? Umejichosha bure wiki nzima. Si nimeshakwambia mabenchi ni ya kukalia?" Akamgeukia mwenye ubao. "Andika hakuna mkazi. Na bango liandikwe upya, waseme kulala. Huyu mzee watamuua kwa Kiswahili."

"Sivyo, mama, nilichosema ni kwamba mimi—"

Lakini simu yake ilishalia, na wote watatu walikuwa wanaelekea upande wa daraja kuangalia maboksi.

Mzee Mpira aliwaangalia mpaka wakapotea kwenye miti. Hakuelewa alichopewa. Amekiri na amesamehewa kosa jingine. Kwenye karatasi ya jiji hayupo, na hivyo anaruhusiwa kubaki. Alitaka kucheka akaogopa.

"Umesema unakaa hapa," alisema binti yake.

"Nimesema."

"Yeye amesikia umeketi." Alikisogeza kikapu mkono wa pili. "Hapa wapi, baba?"

Mzee alionyesha kwa kidevu. Binti akaufuata mwelekeo wa kidevu mpaka kwenye mlango ulioandikwa hatari. Miaka yote aliuona mlango huo. Mvua ikinyesha walijibanza chini ya kibaraza chake, baba na binti, wakingoja ipite, yeye akisema inabidi baba akanunue mwavuli maana kwake ni mbali.

"Tangu lini?"

"Tangu mama yako."

"Na mwenye nyumba?"

"Hayupo."

"Alihama?"

"Hajawahi kuwepo, mwanangu."

Binti aliketi. Safari hii hakuna aliyemwinua. Mzee alibaki amesimama mbele yake, mikono haijui pa kwenda, akingoja kulaumiwa. Angelaumiwa angejua la kufanya.

"Kwa shangazi tulikuwa tunalala sita chumba kimoja," alisema binti, akiitazama ile herufi ya kwanza ya mlangoni. "Kila usiku nilikuwa namuombea yule mwenye nyumba afe, ili nije kwako. Mwaka mzima nilimuombea. Halafu nikakua, nikaona hakuna mwenye nyumba anayekataa mtoto miaka yote hiyo. Nikajua ni wewe hunitaki. Nikanyamaza, nikawa nakuja Jumamosi."

"Nisikutake?" alisema Mzee Mpira. "Ni chumba cha mashine. Kinanuka grisi. Katikati kuna zege, huwezi hata kugeuka. Niliona aibu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja angekaaje mle?"

Binti aliuangalia mlango, kisha akamwangalia baba yake.

"Ningekaa," alisema.